Kulwa Hachanjwi Peke Yake

Jumanne, 12 Novemba
Daftari hili nimepewa na Sista Eustadia, nesi wa mashine ya kusafisha damu, niandike kila asubuhi uzito wa mwanangu na vikombe vya maji anavyokunywa. Nimeandika. Kilo ishirini na moja na nusu, vikombe vidogo vitatu. Ukurasa uliobaki ni mtupu, na mimi niliyeishia darasa la saba sipendi kuona karatasi inakaa bure. Nitaandika na mengine.

Naitwa Bernadeta, kwetu ni Choma ya Igunga. Nina mapacha wa kike wa miaka kumi, Kulwa na Doto, na mdogo wao Kashindye. Baada ya Pasaka figo za Kulwa zilikufa. Tangu Agosti tuko hapa Tabora mjini, Isevya, kwa wifi yangu Consolatha, maana mashine iko huku. Jumanne na Ijumaa, kwa saa nne nzima, damu ya mwanangu inatoka kwa mpira wa shingoni, inazunguka, inarudi. Doto na Kashindye wako Choma na baba yao Mayala na bibi yao.

Mvua bado. Embe zimejaa kila kona, watoto wa mtaa wana nyuso za njano, na wangu haruhusiwi hata kulamba. Embe lina kitu ambacho figo ndizo hukitoa kwenye damu, na kisipotoka moyo unaweza kusimama. Tukipita sokoni namgeuzia uso upande wa vitenge.

Jumatano, 13 Novemba
Vikombe vitatu. Joto. Hakuna jipya.

Ijumaa, 15 Novemba
Leo Sista Eustadia ametuita wazazi wa watoto wanne wa mashine akatukalisha kwenye benchi la nje. Ni binti mdogo kwangu, hunisalimia shikamoo akikunja goti kidogo, nami humwitikia marahaba kwa moyo. Lakini leo alikuwa na karatasi mkononi, na mtu mwenye karatasi mimi humwangalia mara mbili.

Alisema mvua zinakuja, na zikija vifua navyo vinaanza. Mafua ya mtoto wa jirani ni ya siku tatu. Ya mtoto wa mashine yanaweza kushuka kifuani yakawa nimonia, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu ya kupigana. Kwa hiyo kuna chanjo mbili, moja ya nimonia na moja ya mafua makali. Tusaini.

"Bei gani?" aliuliza mama mmoja.

"Bure, mama. Zimetoka kwa wafadhili."

"Na watoto wa wodi nyingine?"

"Ni za hawa wa mashine tu. Zenyewe chache."

Hapo nikakaa vizuri. Dawa chache, za bure, kwa watoto wanne ambao hata wakifa hakuna atakayeuliza sababu. Nikasema, "Sista, mapacha wangu walichanjwa nimonia wakiwa wachanga. Siku moja, wote wawili. Kadi za kliniki ninazo."

"Ni kweli, Mama Kulwa. Ila wakati ule Kulwa alikuwa na figo. Sasa anahitaji kuongezewa."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, nami sipendi majibu yaliyokuwa tayari.

Baba Nyamizi alisaini kabla hata hajamaliza kuelezwa. Huyu ni Abbasi, fundi baiskeli wa hapa mjini. Binti yake Nyamizi ana miaka kumi na miwili na ndiye mkongwe wa mashine. Nilimkazia macho.

"Mama Kulwa, unaniangalia kama nimeiba kuku wako."

"Umesaini hujasoma."

"Mimi nilisoma mwaka jana, hapa hapa kwenye benchi."

"Mwaka jana chanjo hizi zilikuwepo?"

"Hazikuwepo," akasema, akaenda zake kumshikia Nyamizi viatu.

Mimi nilisema nitamuuliza baba wa mtoto. Nimerudi na karatasi yangu haina alama.

Jumapili, 17 Novemba
Misa ya kwanza. Niliomba nionyeshwe. Tulipokuwa tunachambua mchele, Consolatha akaanza. "Wifi, mimi sisemi kitu," akasema, na mtu akianza hivyo ujue anacho. "Ila ukoo wetu tumewaona hao wafadhili wa magari meupe. Wanataka kujua dawa inafanyaje kwenye mwili usio na figo. Ikifanya vibaya watasema mtoto si alikuwa mgonjwa."

Nilimwambia asiseme hivyo mbele ya Kulwa. Lakini niliendelea kuchambua mchele na maneno yake.

Jumanne, 19 Novemba
Nimeona kwa macho yangu. Chanjo inakuja kwenye boksi la bluu lenye barafu. Nyamizi alichomwa kabla ya kuunganishwa, maana kwenye mashine wanaweka dawa ya kuzuia damu isigande, na ukimchoma baadaye anaweza kuvuja. Hayo kaniambia Sista nilipouliza kwa nini haraka. Sindano mbili, mkono huu na mkono huu.

Saa nne zote nilimwangalia Nyamizi kuliko nilivyomwangalia mwanangu. Rangi ya kucha. Midomo. Alipolala nikanyanyuka kuona kama anapumua.

"Mama Kulwa, huyo ni wangu," Abbasi akasema. "Wa kwako ni yule."

Ijumaa, 22 Novemba
Nyamizi alikuwa na homa siku moja, imekwisha. Naandika ili isije ikasahaulika kwamba homa ilikuwepo.

Jana nilimpigia bibi yao, mama mkwe wangu. Nilitaka aseme hapana ili hapana isiwe yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mayu," na anaponiita mama kwa Kinyamwezi hivyo, ujue ananikanya kwa upole. "Hiyo sindano Kulwa akichomwa, Doto atachomwa wapi?"

Kwetu mapacha hawatenganishwi kwa jambo. Akinyolewa mmoja, na mwenzake ananyolewa. Akipewa dawa mmoja, mwenzake mzima analambishwa kidogo. Usipofanya hivyo, aliyeachwa anaumwa au aliyepewa anaondoka. Siku Kulwa alipowekwa mpira shingoni, bibi alimfunga Doto uzi mweusi upande ule ule. Mimi ni Mkatoliki, niko kwenye chama cha Moyo Mtakatifu, mambo ya mizimu nilishayakataa kanisani kwa sauti. Lakini uzi ule niliuona na sikuukata.

Leo nikamwuliza Sista kama Doto naye anaweza kuchanjwa. Akashangaa. "Huyo mzima wa Choma?"

"Ndiyo."

"Watu wa nyumbani mwa mgonjwa wakichanjwa mafua ni vizuri sana. Ila hizi nimehesabiwa. Naweza kuomba. Lakini Kulwa asisubiri, mama. Kwani shida ni nini hasa?"

Niliona aibu kumwambia ni mila, msichana aliyesoma vile. Nikasema baba yake hajaafiki. Mayala hata sijampigia. Ni uongo wa kwanza, nauandika.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua ya kwanza. Bati la Consolatha linavuja juu ya kitanda chetu. Vikombe vitatu.

Ijumaa, 29 Novemba
Watoto watatu kati ya wanne wameshachanjwa. Aliyebaki ni wangu. Sista hanisukumi, na hilo nalo linanitia wasiwasi. Mtu asiyesukuma ana hakika ya kitu, au amekata tamaa na wewe.

Nilimwuliza Abbasi wazi kama amepewa chochote kwa kusaini. Alikuwa anakula karanga. Alizimeza kwanza.

"Mama Kulwa, wewe ukigawiwa hewa utaomba kuonja. Nimepewa, ndiyo. Nimepewa sindano mbili za mtoto."

"Usinitanie."

Kisha akasema bila utani, "Hapo ulipokaa alikuwa anakaa baba wa mtoto aliyeitwa Revocatus. Umri wa hawa hawa. Januari ya mwaka jana mtoto huyo alianza mafua Jumamosi. Jumanne mashine yake ilikuwa imefunikwa shuka. Mimi ndiye niliyemsaidia baba yake kubeba mito."

Niliinuka pale nilipokuwa nimekaa. Lakini njiani kurudi nikajiuliza, mbona hakuniambia siku ile ya kwanza? Mbona ananiambia leo niliyebaki peke yangu? Labda ametumwa.

Jumanne, 3 Desemba
Sista amefanikiwa. Amepata chanjo moja ya mafua kwa ajili ya Doto. "Shule zikifungwa mlete. Nakuwekea mpaka tarehe kumi na saba. Basi leo tumchome Kulwa?"

"Wachomwe pamoja," nikasema.

Alirudisha kifuniko cha boksi la bluu. "Mama Kulwa, majuma mawili ya mvua ni mengi."

Nilifurahi, nikaona nimeshinda pande zote mbili. Mayala nimempigia, ameitikia. Bibi kasema sasa ndiyo tunaongea.

Jumatano, 4 Desemba
Vikombe vitatu na nusu, kaniibia kidogo kwenye mtungi. Nimenyamaza.

Jumapili, 8 Desemba
Majilio, juma la pili. Mvua kila siku. Nimeungama, ila uongo wa kwa Sista sikuutaja. Nilijiambia si uongo wa dhambi, ni wa kuahirisha.

Jumamosi, 14 Desemba
Mayala amefika na Doto kwa basi la Nzega. Kulwa aliwasikia kabla hawajageuza kona, akatoka mbio na mpira wake shingoni, nami nyuma namwita asikimbie. Walishikana wakabaki hivyo mlangoni mvua ikiwanyeshea. Doto amemzidi kimo. Hilo sikulijua na limenichoma.

Doto ana kamasi. Anakohoa kidogo, kikavu. Mayala kasema ni vumbi la basi. Nikasema vumbi gani na mvua hii. Akasema basi ni baridi ya basi.

Nililijua tangazo. Limebandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa, na Sista hulirudia kila juma: mwenye mafua asimkaribie mtoto wa mashine. Nilikuwa nimwambie Doto alale chumba cha Consolatha. Lakini walikuwa wameshapanda kitandani, wamefunikwa shuka moja, wanacheka. Miezi minne. Niliwaacha.

Jumatatu, 16 Desemba
Uzito umeruka kilo moja na robo. Nimekuta kokwa la embe chini ya kitanda. Moja kwa moja nikamshuku Consolatha, maana juzi alisema mtoto anaonewa. Nikamwambia maneno. Alilia. Kumbe ni Doto, alipewa embe na jirani akalikata nusu kwa nusu. "Mama, si ulisema tusinyimane," akaniambia.

Nimemwomba Consolatha radhi. Kaipokea huku akiangalia pembeni.

Doto bado anakohoa. Hana joto, nimemgusa mara nne.

Jumanne, 17 Desemba
Sista husimama mlangoni asubuhi akiuliza swali lile lile kwa kila mzazi. "Nyumbani kuna anayekohoa?"

"Hakuna," nikasema.

Nimwambie nini? Ningesema yupo, Doto angerudishwa, na Doto akirudishwa Kulwa naye asingechomwa, kwa hiyo tungekuwa tumerudi pale pale. Niliona naisaidia chanjo kwa kuficha kikohozi. Ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa haraka sana.

Doto alikaa benchini katikati ya watoto. Nyamizi alimfundisha kusuka uzi kwenye vidole. Nilimpa leso nikamwambia akijisikia kukohoa aende nje, na alikwenda mara mbili, mtoto mtiifu. Mara ya tatu hakuwahi.

Sista aligeuka. Akaja, akamwekea kipimo kwapani. Thelathini na nane na nukta nne.

"Huyu ana homa. Huyu leo siwezi." Hakunigombeza. Alimtoa nje, akafungua madirisha yote mvua ikaingia. Kisha akarudi na karatasi. "Kulwa hana homa. Nimchome sasa hivi, Mama Kulwa. Kabla ya mashine. Tafadhali."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilimwona Kulwa anaangalia mlango alikotolewa Doto.

"Wasubiri wote wawili," nikasema.

Abbasi alisikia. Alimvuta Nyamizi karibu naye.

Alhamisi, 19 Desemba
Kulwa kakohoa asubuhi. Mara moja. Labda ni chai.

Ijumaa, 20 Desemba
Si chai.

Jumapili, 22 Desemba
Naandika wodini, juu ya goti, Kulwa amelala.

Jana mchana homa ilipanda mpaka akaanza kuongea na Kashindye ambaye hayupo. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, nilimvua gauni nikaziona moja moja. Mayala alimbeba mgongoni mpaka barabarani, Consolatha akasimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya njia mikono imenyooshwa, mwanamke niliyemshuku wiki hii hii kwa embe. Alipanda nasi akiwa pekupeku.

Picha ya kifua imeonyesha nimonia. Wamemwekea oksijeni. Dakta alisema tatizo ni mara mbili, kwa sababu mapafu yana maji ya ugonjwa na figo haziwezi kupunguza maji mengine. Ikabidi wamuunganishe mashine Jumamosi, siku isiyo yake. Sista Eustadia hakuwa zamu. Alikuja na kanga kiunoni, kama aliyetoka jikoni.

Nilikuwa nikimwangalia. Hata pale nilikuwa namwangalia. Nilitaka nione usoni mwake ile "nilikuambia," ili nipate pa kumchukia. Alikuwa anahesabu matone.

Baadaye aliniita pembeni. "Mama Kulwa, nahitaji kujua mafua haya yametoka wapi. Nina watoto wengine watatu hapa. Wamechanjwa lakini chanjo haizibi kila tundu, na lazima nijue nani amekaa na nani, tangu lini. Yule Doto alianza kukohoa Jumanne ile ile, au kabla?"

Nikafikiri, anataka kuandika kwamba ni kosa langu. Akiandika, kitengo kitakuwa salama na mimi nitakuwa mama aliyemuua mwanae.

"Jumanne ile ile," nikasema. "Asubuhi alikuwa mzima."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika.

Jumanne, 24 Desemba
Oksijeni bado. Kaniomba maji, nikamlowesha midomo kwa pamba. Nimesali rozari tatu na zote nimepotea katikati.

Jumatano, 25 Desemba
Kuzaliwa kwa Bwana. Kengele zinasikika mpaka hapa. Amefungua macho, akauliza Doto yuko wapi. Nikamwambia amerudi Choma na baba. Hilo ni kweli.

Ijumaa, 27 Desemba
Homa imeshuka. Dakta hajasema lolote, lakini leo alimtania kwa kumwita bibi harusi.

Nyamizi ana mafua. Kidogo, anapiga chafya, anakula. Lakini kitengo kimeshtuka. Kwa kuwa Doto kwa maneno yangu alikuwa mzima mpaka Jumanne, watu wameanza kutafuta kikohozi cha kabla ya hapo. Mama mmoja akasema, "Si huyu Baba Nyamizi kila siku anakohoa hapa?" Na ni kweli Abbasi ana kikohozi chake, cha vumbi la msasa na rangi za baiskeli, miaka nenda rudi. Amepelekwa kupima makohozi, isije ikawa kifua kikuu, na mpaka majibu yatoke haruhusiwi kuingia.

Amekaa getini chini ya kibaraza cha mlinzi. Nyamizi anaunganishwa peke yake. Uji wake unapitishwa kwa mlinzi.

Nilipita pale. Nikamsalimia.

"Mama Kulwa," akasema, "wameniona mimi ndiye mchawi." Akacheka, ikageuka kikohozi, akaangalia huku na huku kama mtu aliyefanya aibu.

Jumamosi, 28 Desemba
Nimekwenda kuungama. Safari hii yote, kuanzia uongo wa Novemba mpaka huu wa Doto na wa Abbasi. Padri kanipa malipizi na kuniondolea dhambi. Hakuniuliza kama nimemwambia Sista, na mimi sikumkumbusha.

Jumanne, 31 Desemba
Leo Nyamizi alilia kwenye mashine. Shinikizo la damu lilishuka, akatapika, akamwita baba yake. Manesi walikuwa wawili na watoto wanne. Nilikuwa nimekwenda na Kulwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikamshika Nyamizi kichwa, nikamfuta. Aliniuliza, "Mama Kulwa, kwani baba yangu ndiye aliyemwambukiza Kulwa?"

Tangu Novemba nimekuwa namshuku kila mtu aliyepita mbele yangu. Nesi kwa karatasi yake, Abbasi kwa kalamu yake, Consolatha kwa embe, wafadhili kwa boksi la bluu. Katika wote hao aliyesema uongo ni mmoja, na alikuwa amemshika mtoto wa watu kichwa.

Nikaenda kwa Sista Eustadia. Alikuwa anaosha mikono.

"Doto alifika Jumamosi tarehe kumi na nne," nikasema. "Alifika anakohoa. Walilala shuka moja siku tatu. Jumanne uliponiuliza nilijua."

Hakufunga maji.

"Na Mayala hakuwahi kukataa chanjo. Ni mimi. Kwetu mapacha wanatendewa pamoja. Niliona aibu kukuambia."

Alifunga maji. Alijifuta mikono kidole kwa kidole mpaka nikatamani anitukane.

"Mama," akasema, hakuniita Mama Kulwa, "mimi ni Mha wa Kasulu. Kwetu pacha akifiwa, mwenzake anapelekwa kulala kaburini na kurudishwa. Ungeniambia, ningekupigia simu mimi mwenyewe kwa bibi yao. Ningemwomba."

Kisha sauti ikabadilika. "Ila kumweka Abbasi getini siku nne. Hilo utamwambia mwenyewe, siyo mimi."

Nilikwenda. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye ameketi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anasugua mnyororo wa baiskeli kwa kitambaa. Aliinuka, akanipita, akaingia ndani kwa binti yake, na mlinzi hakumzuia.

Ijumaa, 3 Januari
Abbasi hasemi nami. Nimemsalimia mara mbili. Majibu ya makohozi ni safi, kama yalivyokuwa lazima yawe.

Jumanne, 7 Januari
Vikombe vitatu. Kulwa kapanda ngazi tatu mwenyewe.

Ijumaa, 10 Januari
Mama yule aliyemtaja Abbasi amehama kutoka upande wangu wa benchi. Ni haki yake.

Jumanne, 14 Januari
Abbasi alipita na karanga. Akamimina kiganja kimoja kwenye kanga yangu bila kuniangalia. "Ni za Nyamizi," akasema, "kasema umpe Kulwa. Nimemwambia Kulwa haruhusiwi. Basi ule wewe."

Nimekula zote, moja moja.

Ijumaa, 17 Januari
Dakta amesema mapafu yamekauka, anaweza kuchanjwa. Sista alileta karatasi akaiweka mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili. Chanjo ya Doto ilikwisha kupewa mtu mwingine, hawakuweza kuiweka. Iliyopo ni ya Kulwa, mbili zake.

Nisiseme kwamba woga uliisha. Lile boksi la bluu bado silipendi. Nilimwuliza Sista tarehe ya mwisho wa dawa, akanionyesha kwenye chupa, nikaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Nikasaini.

Kulwa akatazama mlango. "Doto yuko wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari, kwamba amechomwa Choma asubuhi. Ulikuwa mtamu na ungemtuliza. Sista alikuwa ananisikiliza, lakini sikuuacha kwa sababu yake.

"Doto hachomwi leo, mwanangu. Ni wewe peke yako."

"Bibi atasema."

"Atasema. Na mimi nitamjibu."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, uso ule uliokonda. Kisha akasema, "Kwani nani alitangulia kuzaliwa?"

"Wewe. Ndiyo maana ukaitwa Kulwa."

"Doto alikuja lini?"

Alikuja baada ya saa nzima na zaidi. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa sijawahi kuliwaza. Mkunga alikuwa ameshamwosha Kulwa, amemvika, amenipa kifuani, na mwenzake bado hajulikani kama atatoka mzima. Saa nzima alikuwa duniani peke yake, ananyonya, na hakuna aliyeogopa.

"Basi mimi natangulia," akasema, akavuta mkono wa gauni mpaka begani. "Yeye atakuja."

Sindano ya kwanza alikunja uso. Ya pili aliniangalia mimi, kama anataka kuona nitavumilia.

Jumamosi, 18 Januari
Homa kidogo. Nimekaa naye mkeka mmoja, namgusa kila baada ya Salamu Maria kumi.

Jumapili, 19 Januari
Homa imeisha.

Ijumaa, 24 Januari
Leo ndiyo nimempigia bibi. Nimemaliza kumsimulia, nikatazama kama salio bado lipo.

"Alisema yeye anatangulia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Nikasikia anamwita Mayala kwa Kinyamwezi, anamwambia kitu, kisha akarudi kwenye simu na sauti ya kugomba. "Sasa huyu Doto mnamwacha nyuma mpaka lini? Mwenzake ameshapita. Mwambie huyo nesi wako nataka tarehe."

Nilimpelekea Sista ujumbe huo kama ulivyo. Alicheka mpaka akaegemea mlango, akasema dozi hana, ataomba, labda Machi. Mimi sikucheka. Nilisimama pale mpaka alipochukua kalamu akaliandika jina la Doto kwenye kitabu chake, nikasogea karibu nikahakikisha ameliandika.